HOTUBA JUU YA DEGEDEGE LA WATOTO NA HOMA YA MALARIA

Leo tunataka kusema nanyi habari ya ugonjwa mmoja ambao hapana nyumba isiyoujua jina lake, nao ni degedege. Magonjwa ya kuzungumza ni mengi, na mengine humpa mtu nafasi. Mwenye upele akienda dispensari kesho kutwa badala ya leo, atajikuna siku mbili zaidi, basi. Mtoto mwenye degedege hana kesho kutwa ya kungoja, na kwa sababu hiyo tumelitanguliza.

Kwanza tuseme lilivyo. Mtoto mdogo, aghalabu wa umri wa miezi 6 hata miaka 5, hushikwa na homa kali. Mara mwili hukakamaa, macho hupinduka hata weupe wake tu ukaonekana, meno huumana, mikono na miguu hutukutika, pengine povu hutoka kinywani, naye haitiki akiitwa jina lake. Baada ya dakika chache hutulia akalegea kama aliyepitiwa na usingizi. Mama aonaye jambo hili mara ya kwanza hudhani mtoto amekwisha kufa. Hatumcheki mama huyo. Hata mtu mwenye elimu ya dawa, likimpata mwanawe mwenyewe, magoti humtetemeka.

Watu wa kale waliona jambo la ghafula namna hii wakalitafutia sababu. Katika nchi nyingi za pwani na za bara husemwa kwamba yuko ndege arukaye usiku, na kivuli chake kikimpitia mtoto, mtoto hushikwa; hata jina lenyewe, watu husema, latokana na ndege huyo. Wengine husema ni shetani. Basi kwa kuwa sababu ilidhaniwa kuwa ni ndege au shetani, dawa nazo zikawa za kumfukuza: mtoto hufukizwa kwa moshi wa kinyesi cha tembo, au huogeshwa kwa majani, au hukojolewa na mkubwa.

Sisi hatukusimama hapa ili kuwatukana wazee. Walitazama kwa macho yao, wakaona mambo mawili yaliyo kweli kabisa: kwamba ugonjwa huu huja ghafula, na kwamba waweza kuua. Lile wasiloweza kuliona ni kidudu kilichomo ndani ya damu, maana ni kidogo mno, wala hapana jicho la mtu liwezalo kukiona pasipo darubini ya kutazamia vitu vidogo. Daktari mmoja Mfaransa, Alphonse Laveran, alikiona mwaka 1880 huko Algeria, katika damu ya askari mwenye homa. Mwaka 1897 Mwingereza Ronald Ross, aliyekuwa akifanya kazi India, alikikuta ndani ya tumbo la mbu. Tangu hapo njia yake imejulikana.

Mbu jike wa aina iitwayo anofelesi humwuma mtu usiku, akamtia vidudu hivyo katika damu. Vidudu hukimbilia kwanza katika ini, vikakaa humo kwa muda wa siku saba au zaidi vikizaana kimya kimya, na mtu asihisi kitu. Kisha hutoka, vikaingia katika chembe nyekundu za damu, vikazila na kuzipasua. Ndipo homa inapopanda na mtoto akaanza kupauka viganja kwa kupungukiwa na damu. Ziko aina kadhaa za vidudu vya malaria, lakini aina iliyo nyingi katika Afrika, iitwayo falsiparum, ndiyo kali kuliko zote, nayo ina tabia moja mbaya sana. Chembe za damu zilizoingiwa nayo hunata katika kuta za mishipa midogo. Zikinata katika mishipa ya ubongo, damu haipiti sawasawa, na mtoto hupata degedege, akazimia, asiamke hata akifinywa.

Sasa sharti tuseme neno ambalo likifichwa, watu hupotea. Si kila degedege ni malaria ya ubongo. Mtoto mdogo aweza kupata degedege kwa sababu ya ukali wa homa tu, hata ikiwa ni homa ya koo au ya sikio. Degedege la namna hii huisha lenyewe, aghalabu kabla ya dakika 5 kupita, na mtoto huamka akawa mzima, akaomba maji. Degedege jingine ni dalili ya malaria iliyofika ubongoni, au ya homa ya uti wa mgongo, na hilo huua. Kwa macho yote mawili hufanana. Mama hawezi kuyatenga, wala bibi mwenye wajukuu ishirini, wala mganga wa majani. Na hata mganga wa hospitali hawezi mpaka ampime mtoto.

Tafadhalini mfikiri pamoja nasi habari ya watoto wawili wa kijiji kimoja. Huyu wa kwanza amepata degedege la homa tu. Akafukizwa moshi. Degedege likaisha, kama ambavyo lingeisha bila moshi, na asubuhi mtoto akacheza. Kijiji kizima kikasema: Moshi umemponya. Huyu wa pili malaria imempanda kichwani. Naye akafukizwa moshi, mwili ukatulia, watu wakafurahi wakasema amelala. Kumbe hakulala, amezimia. Siku ya pili akaogeshwa majani. Siku ya tatu, alipoanza kupumua kwa shida, akachukuliwa mbio hospitalini, akachomwa sindano, na kabla ya saa moja kupita akafariki. Kijiji kikasema: Sindano imemwua.

Haya ndiyo yaliyozaa usemi ulioenea katika wilaya nyingi kwamba mtoto mwenye degedege asichomwe sindano, maana atakufa. Moshi umepewa sifa ya mtoto ambaye angepona bila moshi, na sindano imebebeshwa mzigo wa siku mbili zilizopotea. Tena ubaya wake hauishi hapo, kwa kuwa kila mtoto aletwaye amechelewa na kufa huwaogopesha mama wengine kumi, nao pia huchelewa, na wanao hufa baada ya sindano, na usemi huzidi kupata nguvu. Mwalimu au mzee akitaka kuukata mnyororo huu, asibishane na watu habari ya ndege. Na awaulize jambo moja tu: Tangu homa ilipoanza hata sindano ilipochomwa, zilipita saa ngapi?

Maana saa ndizo zenye kuhesabiwa. Malaria ya falsiparum isiyotibiwa yaweza kugeuka kuwa ugonjwa wa kufisha kwa muda wa saa 24. Mtoto aliyezimia kwa malaria ya ubongo asipopata dawa, karibu hapana tumaini. Akipata dawa iliyo sawa na kuangaliwa vema, katika watoto watano yapata wanne huokoka. Na dawa ya sindano itumikayo sasa ni bora kuliko kwinini ya zamani. Katika mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya kazi kubwa iliyofanyika katika nchi 9 za Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo, ambamo watoto 5,425 wenye malaria kali walipewa sindano, wengine ya kwinini na wengine ya artesuneti. Waliokufa katika wale wa kwinini walikuwa karibu 11 katika kila 100. Katika wale wa artesuneti hawakufika 9. Basi mtu akisema sindano huua, mwambieni hesabu hii.

Likimpata mtoto wako degedege usiku wa leo, fanya hivi. Mlaze kwa ubavu juu ya mkeka, mahali pasipo moto wala kitu cha kumwumiza, ili mate na matapishi yatoke nje yasimsonge. Legeza nguo zake. Usimtie kijiko kinywani, wala kidole, wala kijiti. Hapana mtu anayemeza ulimi wake, bali meno yamevunjika mengi kwa vijiko. Usimnyweshe maji wala dawa ya majani wakati huo, kwa kuwa hawezi kumeza, na maji yataingia katika mapafu. Usimshikilie kwa nguvu. Wengine humtumbukiza katika maji ya baridi; hilo nalo si jema, maana baridi humtia mtetemo na mtetemo huongeza joto la ndani. Mpunguzie nguo, basi. Moshi uache kabisa, si kwa ajili ya mabishano ya dini au desturi, ila kwa sababu mtoto mwenye degedege anapumua kwa taabu, na moshi humnyang'anya hata hewa ile kidogo aliyo nayo.

Degedege likiisha, nenda dispensari. Likiwa halijaisha, nenda pia. Usikae kungoja uone kama litarudi. Akiwa macho na aweza kumeza, mnyonyeshe njiani. Na kama amekwisha acha ziwa, mpe maji ya sukari, vijiko vidogo 4 katika kikombe cha maji safi, akinywa kidogo kidogo. Tunasema hivi kwa sababu malaria kali huishusha sukari ya mwilini, na kushuka huko peke yake kwaweza kumrudishia degedege au kumzimisha.

Tena msingoje degedege ndipo mwondoke. Mtoto mwenye homa ambaye hataki kunyonya wala kunywa, au anayetapika kila kitu, au aliyelegea asiyetaka kutazama watu, au anayepumua mbio mbio, au mwenye viganja vyeupe, au mkojo wake umekuwa mweusi kama chai ya rangi, huyo yu katika hatari sawa na yule anayetukutika. Mara nyingi huyu husahauliwa kwa sababu ugonjwa wake hauna kishindo.

Mkifika huko, mtoto atachomwa kidogo kidoleni na tone la damu yake litawekwa juu ya kipimo cha haraka, na kwa muda wa dakika 15 au 20 itajulikana kama ana malaria. Wengine huona kipimo hiki ni upotevu wa wakati, wakataka dawa papo hapo. Sisi twawaambia kipimo ni rafiki wa mtoto, maana kikionyesha hakuna malaria, mganga atajua kwamba sharti atafute adui mwingine, nimonia mathalan, au homa ya uti wa mgongo, ambayo dawa yake ni nyingine kabisa. Malaria ikionekana nayo haijawa kali, mtoto hupewa dawa ya mseto iitwayo ALu, kwa kadiri ya uzito wake, mara mbili kwa siku kwa siku 3. Kipimo cha pili cha dawa hufuata cha kwanza baada ya saa 8. Dawa hii hufanya kazi vema zaidi ikimezwa pamoja na chakula au maziwa. Akitapika kabla ya nusu saa kupita, arudishiwe. Hapa tunawaomba wazazi sana: siku ya pili mtoto huwa amekwisha changamka, na mama huona afadhali aviweke vidonge vilivyobaki kwa ajili ya homa nyingine. Vidonge hivyo havitamfaa mtu. Mtoto wa kwanza hakumaliza kuua vidudu, na wa pili hatakuwa na dawa ya kutosha.

Wala msifungue masanduku ya zamani kutafuta klorokwini. Dawa hiyo iliwasaidia baba zetu miaka mingi, lakini vidudu viliizoea, na Tanzania Bara iliiacha mwaka 2001 kuwa dawa ya kwanza ya malaria. Na parasetamoli hushusha homa ya mtoto na kumpa raha. Haiui kidudu hata kimoja. Watoto wengi wamepotea hivyo, homa imeshushwa na ugonjwa umeachwa.

Mtoto mwenye malaria kali hupewa artesuneti kwa sindano muda usiopungua saa 24, na awezapo kumeza humaliza kwa dawa ya mseto kwa siku 3. Lakini je, ikiwa hospitali iko mbali, mto umejaa, na ni usiku? Kwa ajili ya hayo ipo artesuneti nyingine, itiwayo katika njia ya haja kubwa ya mtoto asiyetimiza miaka 6. Ilijaribiwa katika Bangladesh, Ghana na Tanzania, na habari zake zikatolewa mwaka 2009: kwa wagonjwa waliokawia zaidi ya saa 6 kabla ya kufika hospitalini, ilipunguza kwa nusu vifo na vilema vya kudumu. Ulizeni katika dispensari yenu kama ipo, na ni nani kijijini aliyefundishwa kuitia. Walakini dawa hii ni ya kumnunulia mtoto saa chache za safari tu. Mzazi akiiona imemzindua mwanawe, akarudi naye nyumbani kulala, atakuwa ameiuza nafasi aliyopewa.

Sasa tuseme na wazee wa vijiji, maana sehemu kubwa ya dawa ya degedege imo mikononi mwenu. Mara nyingi mama ameona hatari tangu jioni, amemfunga mtoto mgongoni, kisha ameketi. Angoja nini? Angoja ruhusa ya baba aliyekwenda safari, au ya mama mkwe asemaye kwanza litazamwe jambo la ndege. Hili lakatwa na neno la mzee katika baraza kuliko na hotuba mia za waganga. Mzee na atangaze mbele ya watu kwamba mama wa mtoto mwenye homa kali haombi ruhusa kwa mtu, wala hatalaumiwa kwa kuondoka usiku. Kisha na ijulikane mapema kila kitongoji kina pikipiki ya nani, au baiskeli ya nani, au mtumbwi wa nani, na fedha ya nauli ikae kwa mtu gani. Mambo haya yakipangwa mchana, ni rahisi. Yakipangwa saa nane za usiku huku mtoto anatukutika, hayapangiki.

Na mganga wa kienyeji naye asifanywe adui. Watu humwendea kwa sababu yuko karibu, aongea nao kwa upole, na hukubali kulipwa baadaye. Tumesikia wengine wakilalamika kwamba katika dispensari hupokewa kwa makaripio. Malalamiko hayo si ya kupuuzwa. Mganga mwenye busara aombwe awe mtu wa kuwahimiza: akiletewa mtoto mwenye homa, awaambie waende kwanza dispensari, na mengine yafuate baadaye. Heshima yake haitapungua, maana mtoto aliyepona atarudi kumsalimu.

Waalimu nao wana lao. Baadhi ya watoto waliookoka na malaria ya ubongo hubaki na alama: mmoja ana mkono dhaifu, mwingine kusikia kumepungua, mwingine hushindwa kukumbuka masomo, mwingine hupatwa na kifafa baadaye. Mwalimu akiona mtoto mzito wa kuelewa, kabla ya kumwita mvivu, na amwulize mzazi kama mtoto huyu aliwahi kuzimia kwa homa. Na kifafa si degedege. Kifafa hurudi tena na tena bila homa, nacho kina dawa zake za kila siku. Hakiambukizi kwa povu wala kwa mate. Twalisema hili kwa sauti kubwa kwa sababu wako watoto walioanguka motoni wakaungua, na watu wamesimama kuwatazama, kila mmoja akiogopa kuguswa na povu.

Habari ya kujikinga mmeisikia mara nyingi, nasi hatutairefusha. Mtoto na alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, hata wakati wa kiangazi, na chandarua kisigeuzwe kuwa wavu wa dagaa. Chanjo za malaria nazo zimepatikana: ya kwanza ilikubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 na ya pili mwaka 2023. Hupunguza ugonjwa, hazizuii wote. Mtoto aliyechanjwa naye hulala ndani ya chandarua, na akipata homa hupimwa. Shirika hilo lilikadiria kwamba katika mwaka 2023 watu 597,000 walikufa kwa malaria duniani, na wengi sana kati yao walikuwa watoto wa Afrika wasiotimiza miaka 5.

Limebaki neno moja kwa mama au baba atakayemchukua mtoto. Chukua kadi yake ya kliniki. Ukifika, mwambie mganga homa ilianza siku gani na saa gani, degedege lilimpata mara ngapi, na lilikaa muda gani. Mwambie pia kila kitu alichopewa mtoto, vidonge vya dukani na dawa ya majani pia, bila kuona haya. Ikiwa alifukizwa, sema alifukizwa. Mganga anayejua kazi yake hatakukemea kwa hilo; ataandika, naye ataendelea na kumtibu mtoto.